Mother India na Deni la Rupia 500

Wengi wetu tulioiona filamu ya Mother India katika majumba ya sinema tulitoka na sura moja tu kichwani: Nargis akikokota plau kwa mabega yake. Tulipoitazama tena nyumbani kwa mkanda wa video, tuliona kwamba tulikuwa tumekisahau kiini cha hadithi yenyewe.

Mehboob Khan aliitoa filamu hiyo mwaka 1957, miaka 10 baada ya uhuru wa India, akiisimulia upya Aurat yake ya 1940. Jina alilichagua makusudi, kukijibu kitabu cha mwaka 1927 cha Katherine Mayo, Mmarekani aliyewabeza Wahindi.

Kiini tulichokisahau ni deni. Mama mkwe wa Radha alikopa rupia 500 za arusi. Nyumba ile haikujua kusoma. Wazee wa kijiji wakamwamini Sukhilala mkopeshaji, na robo tatu ya mavuno ikawa riba. Birju, mwana wa Radha, anakua akiyachukia madaftari asiyoweza kuyasoma, hata siku moja anayatia moto na kumwua mwenye madaftari. Mwishowe Radha mwenyewe anampiga risasi mwanawe huyo kwa kulinda heshima ya binti wa kijiji.

Ukumbini tulimlilia mama. (Na nyimbo nazo zilituteka mno.) Safari hii, sisi tunaofundisha watu kusoma, tuliurudisha mkanda mara tatu, si penye risasi, bali pale Birju anapoyakodolea macho madaftari yale.