Nguruwe Anakula Omena ya Nani?

Najua. Mtoto wa Mji wa Kale kuandika habari za nguruwe, kuna mtu ashaanza kukuna kichwa. Tulia kwanza. Nyumba nyingi mtaani kwetu mnyama huyo hata jina halitajwi mezani, lakini chakula chake kinatuhusu, maana kinatoka kwenye sahani yetu. Nguruwe hakui kwa pumba pekee, na kuku wa gredi ni vilevile. Wanataka protini, na hapa Kenya sehemu kubwa ya protini hiyo imetoka kwa samaki mdogo kuliko kidole: omena.

Sasa, wengi wanadhani kumlisha mnyama samaki ni mambo ya viwanda vya juzi. Wapi! Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita Mombasa, akalala usiku mmoja. Aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawalimi nafaka, inaletwa kutoka pwani ya bara, na chakula chao ni ndizi na samaki. Akaendelea mpaka Kilwa, kisha akapanda chombo kwenda Dhofar, kusini mwa Oman ya leo. Huko alikuta kitu kilichomshangaza: mifugo inakula dagaa, hata kondoo. Marco Polo naye alisimulia habari kama hiyo ya pwani ya Arabuni, miongo kadhaa kabla yake.

Kwa hiyo ndani ya safari moja tunaona miji miwili ya bahari moja. Mmoja samaki anakwenda kwa mtu, mwingine anabaki wa kumpa mnyama pia. Na Dhofar walikuwa na hesabu yao. Nchi kavu, majani haba, dagaa tele. Mvuvi, mfugaji na mlaji wote wako pwani moja, wanajuana. Dagaa wakipungua, wote wanaona.

Kilichobadilika ni ukubwa wa tumbo. Karne ya 20 dunia ilianza kufuga nguruwe na kuku kwa mamilioni, mabandani, na matumbo hayo yote yakaelekezwa baharini. Peru ndiyo iliyokuwa jiko. Mwaka 1970 wavuvi wake walitoa zaidi ya tani milioni 12 za samaki mdogo aitwaye anchoveta, karibu wote wakasagwa unga. Na jua kwamba kilo moja ya unga inakula kilo nne mpaka tano za samaki mbichi. Mwaka 1972 ikaja El Niño juu ya uvuvi uliopita kiasi, samaki wakaporomoka. Wafugaji wakakimbilia soya, bei ikaruka, na mwaka 1973 Marekani ikazuia soya yake kutoka nje kwa muda. Wanunuzi wakageukia Brazil, na mashamba ya soya huko yakazidi kutanuka. Yaani samaki wa Peru kukosekana kulibadilisha ardhi ya nchi nyingine.

Hapa kwetu hadithi iko Ziwa Victoria. Mbuta, ambaye Watanzania wanamuita sangara, alitiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala samaki wengi wa asili, kisha minofu yake ikapanda ndege kwenda Ulaya. Aliyebaki kwa mtu wa mfuko mwepesi ni omena. Na huyo naye, sehemu kubwa inaishia kwenye chakula cha mifugo.

Hapo ndipo naona tatizo. Mama anayenunua omena kwa kikombe pale Kongowea anashindana na kiwanda kinachonunua kwa lori. Nani atashinda? Halafu tunaambiwa tusijali, samaki huyo atarudi kama nyama na mayai. Atarudi kwa nani? Kwa aliye na pesa ya nyama.

Njia nyingine ipo, na inaanzia jaani. Kuna nzi mweusi, asili yake Amerika, mabuu yake yanakula mabaki ya vyakula na kunenepa kwa wiki mbili hivi. Ukiyakausha, karibu asilimia 40 ni protini. Nzi mwenyewe akishakua hahangaiki na chakula chako kama nzi wa nyumbani. Watafiti wa icipe, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, wamemfanyia kazi kwa miaka. Mwaka 2017 Kenya ikatoa viwango vya wadudu waliokaushwa kwa chakula cha mifugo. Ulaya iliruhusu wadudu kwa nguruwe na kuku mwaka 2021 tu. Safari hii tuliwatangulia.

Najua mtasema, "Funza? Astaghfirullah!" Lakini kuku wa kienyeji anayetembea kwenye vichochoro vyetu anafukua nini kutwa? Na huyo ndiye tunayemsifu kwa utamu.

Sisemi nzi ni muujiza. Mabuu yanataka taka safi, zisizo na plastiki wala kemikali, na hapo Mombasa bado tuna kazi. Maembe yaliyooza ya Marikiti na Kongowea yanachanganywa na mifuko, yanapelekwa Mwakirunge, yananuka bure. Kibarani tuliishi na jaa mlangoni mwa kisiwa miaka mingi, na hatukuwahi kuliita shamba.

Mimi niliacha chuo kikuu, sina shahada ya kukutisha nayo. Ila hesabu hii haihitaji shahada: kinacholika na mtu kiende kwa mtu kwanza. Mnyama apewe kile tunachotupa. Watu wa Dhofar walimpa mnyama dagaa kwa sababu walikuwa nao wa kutosha. Sisi wa kutosha tulicho nacho ni taka.

Basi ukienda sokoni wiki hii, uliza bei ya kikombe cha omena, halafu muulize muuzaji mteja wake mkubwa ni nani.