Zana za kazi ya ngozi

Zana za kazi ya ngozi ni vifaa vya mkono vinavyotumika kupima, kukata, kutoboa, kushona na kumalizia ngozi iliyosindikwa ili kupata vitu kama mikanda, pochi, ala za visu, mikoba na makubazi. Makala hii inahusu zana za mtu anayefanya kazi hiyo kwa kiwango kidogo, nyumbani au katika muda wa ziada, hasa jijini Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria nchini Tanzania.

Ngozi haisamehi kosa kama kitambaa au mbao. Tundu lililotobolewa mahali pasipofaa haliwezi kuzibwa, na mkato uliopinda hauwezi kuunganishwa tena bila kuonekana. Kwa sababu hiyo zana chache zenye makali, zinazolingana na aina ya ngozi, zina faida kuliko seti kubwa ya zana butu.

## Historia

Wasukuma, ambao ni wakazi wengi wa mkoa wa Mwanza, ni wakulima na wafugaji wa ng'ombe. Ngozi mbichi zilizokaushwa zilitumika kwa matandiko, kamba na kuwambia ngoma. Ngoma za namna hiyo huonyeshwa katika Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, Kisesa. Vyuma vya zana vilipatikana kwa wahunzi. Magharibi mwa Mwanza, katika eneo la Uzinza, Warongo walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukumani.

Baada ya uhuru serikali ilikuwa na viwanda vya kusindika ngozi katika miji ya Morogoro, Moshi na Mwanza. Viwanda hivyo vilibinafsishwa wakati wa mageuzi ya uchumi. Elimu ya fani hii imebaki Mwanza: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ina kampasi jijini humo inayofundisha teknolojia ya ngozi.

## Aina za ngozi na zana zinazozifaa

Kabla ya kununua zana ni lazima kujua ngozi itakayotumika.

Ngozi ya ng'ombe ni nene na hufaa kwa mikanda na ala za visu. Mkanda huhitaji unene wa milimita 3 hadi 4. Ngozi hiyo hudai kisu kigumu, msharasi imara na sindano nene. Mara nyingi ngozi huwa na alama za chapa ya moto au mikato ya kisu cha mchunaji. Sehemu hizo zikaguliwe kwa kuinua ngozi kwenye mwanga, upande wa ndani na wa nje.

Ngozi ya mbuzi ni nyembamba na laini. Hutumika kwa pochi na bitana. Kisu butu huivuta badala ya kuikata.

Ngozi ya sangara ni ya pekee kwa eneo la ziwa. Samaki huyo (Lates niloticus) aliingizwa katika Ziwa Viktoria katikati ya karne ya 20. Viwanda vya Mwanza hukata minofu kwa ajili ya kusafirishwa nje. Mapanki huliwa, mabondo huuzwa kwa bei kubwa, na ngozi hubaki kama zao la ziada. Ikisindikwa, ngozi hiyo huwa nyembamba lakini yenye nguvu, na vifuko vya magamba huacha nakshi ya asili. Huhitaji sindano nyembamba na msharasi mdogo, na kwa kawaida hubandikwa juu ya ngozi nyingine ili ipate umbo.

Namna ya kusindika pia ina maana. Ngozi iliyosindikwa kwa tanini, kwa mfano ya magome ya miwati inayolimwa Njombe, huonekana ya kahawia hadi katikati ikikatwa. Ikiloweshwa kidogo hukubali kuchorwa na kupigwa mihuri, na kingo zake hung'aa zikisuguliwa. Ngozi iliyosindikwa kwa kromu mara nyingi huonekana ya kijivu au ya samawati katikati. Ni laini na huvumilia maji zaidi, lakini haishiki mihuri vizuri. Anayenunua mihuri ya nakshi huku ngozi aliyo nayo ni ya kromu amepoteza fedha.

## Zana za msingi

Mtu anayeanza anaweza kufanya kazi nzuri kwa zana zifuatazo:

- Kisu chenye ubao mfupi usiopinda, pamoja na rula ya chuma. Rula ya plastiki hukatwa na kisu na kupoteza unyoofu wake.
- Bikari yenye ncha mbili za chuma, kwa kuchora mstari wa mshono ulio sambamba na ukingo.
- Msharasi, yaani chuma chembamba chenye ncha na mpini, kwa kutoboa matundu ya mshono.
- Uma wa kutobolea, wenye meno yaliyopangwa kwa nafasi sawa. Nafasi ya milimita 3 hadi 4 hufaa pochi. Milimita 5 hufaa mkanda.
- Kitoboleo cha duara, chenye umbo la bomba dogo, kwa matundu ya bizimu na vifungo.
- Nyundo ya mbao au ya mpira. Nyundo ya chuma huharibu vichwa vya zana nyingine.
- Sindano mbili zenye ncha butu, uzi wa nailoni au wa katani, na nta ya nyuki.
- Jiliwa la mbao linalobanwa kati ya mapaja ili mikono yote miwili iwe huru kushona.
- Kinoo cha kunolea, msasa na kipande cha ngozi cha kumalizia makali.

## Kuchagua zana

Zana ya kukata hupimwa kwa chuma chake. Chuma kizuri hukubali kunolewa hadi kukata karatasi bila kuikwaruza, na hubaki hivyo kwa muda wa kazi. Mng'aro na rangi ya mpini si ushahidi wa ubora.

Uma wa kutobolea ukaguliwe kwa kuutazama kutoka upande: meno yote yawe na urefu mmoja na yasiwe mazito. Jaribio rahisi ni kuupiga kwenye kipande cha ngozi kisha kuuchomoa. Meno yenye mikwaruzo hushikilia ngozi na kuinyanyua; yaliyosuguliwa vizuri hutoka bila kuvutwa sana. Kasoro hiyo mara nyingi huondolewa kwa msasa laini.

Msharasi wenye ncha ya umbo la almasi hukata tundu dogo linalojifunga kuzunguka uzi. Msharasi wa duara hupanua tundu bila kukata na hufaa zaidi kwa kuweka alama. Mafundi viatu wengi hutumia msharasi wenye kijindo karibu na ncha, unaovuta uzi kutoka upande wa pili. Huo ni wa haraka na hufaa soli, lakini kijindo kinaweza kuchana ngozi nyembamba kama ya sangara.

Ikiwa fedha ni kidogo, inashauriwa kuzitumia kwanza kwenye kisu na kinoo, kisha msharasi, kisha uma. Nyundo, jiliwa na kifaa cha kusugulia kingo vinaweza kutengenezwa nyumbani.

## Zana kutoka vyuma chakavu

Mwanza ina desturi ndefu ya kutumia vyuma chakavu. Eneo la Makoroboi katikati ya jiji lilipata jina lake kutokana na koroboi, taa ndogo za mafuta zilizotengenezwa na mafundi wa hapo kwa makopo.

Spoku ya baiskeli au njiti ya mwavuli huweza kuwa msharasi, ila chuma chake ni laini na hudai kunolewa mara kwa mara. Kisu kizuri hutengenezwa kwa tupa kuukuu au msumeno wa chuma. Si kila msumeno unafaa: ule unaopinda sana bila kuvunjika mara nyingi ni mgumu kwenye meno tu. Chuma kigumu kikinolewa kwa mashine hadi kikageuka rangi ya buluu kimepoteza ugumu wake na hakitashika makali tena. Kwa hiyo hunolewa kwa vipindi vifupi na kuchovywa katika maji kila mara.

Uma wa mezani unaweza kutumika kuweka alama za mshono. Kipande laini cha pembe la ng'ombe au cha mti mgumu hutosha kusugulia kingo.

## Matumizi

Kwa kupiga mihuri na kutoboa, meza inayoyumba hupunguza nguvu ya pigo. Bamba la itale, jiwe ambalo miamba ya Mwanza imeundwa nalo, ni kitako kizuri kwa sababu ni zito na halirudishi nyundo. Zana za kutoboa zisipigwe moja kwa moja juu ya jiwe; huwekwa ubao au mpira chini ya ngozi ili makali yasivunjike.

Mshono wa mkono hutumia sindano mbili, moja kila mwisho wa uzi mmoja. Kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili kutoka pande zilizo kinyume. Uzi ukikatika sehemu moja, upande wa pili huendelea kushikilia, tofauti na mshono wa cherehani unaoweza kufumuka. Uzi huwa na urefu wa mara tatu hadi nne wa mshono, kutegemea unene wa ngozi.

## Utunzaji

Unyevu wa pwani ya ziwa huleta kutu kwenye zana na ukungu kwenye ngozi. Zana hupanguswa na kupakwa mafuta kidogo baada ya kazi. Ngozi ihifadhiwe mahali penye hewa, si ndani ya mfuko wa plastiki. Zana ya chuma isiachwe juu ya ngozi mbichi ya tanini: chuma na tanini hutoa doa jeusi ambalo ni vigumu kuliondoa.

Makali madogo yanayorudishwa mara kwa mara kwa kusugua kisu kwenye kipande cha ngozi hupunguza haja ya kunoa upya kwenye kinoo.

## Usalama

Kisu butu huhitaji nguvu nyingi na ndicho huteleza na kukata mkono. Mkono unaoshika ngozi hukaa nyuma ya njia ya kisu. Gundi ya viatu hutoa mvuke unaodhuru, kwa hiyo hutumika mahali penye hewa na mbali na moto. Mabaki ya ngozi ya kromu yasichomwe, kwa kuwa moto unaweza kugeuza kromu kuwa ya aina yenye sumu zaidi, na yasitupwe ziwani. Vipande hivyo bado hufaa kwa bitana, vishikizo vya funguo na majaribio ya zana mpya kabla ya kugusa ngozi nzima.