Saratani ya mapafu: Kikohozi kisichokoma si cha kupuuzwa

KIKOHOZI kinachozidi wiki tatu, makohozi yenye michirizi ya damu na kupungua uzito bila sababu ni dalili ambazo mkazi wa Ikola, kandokando ya Ziwa Tanganyika, hapaswi kusubiri ziondoke zenyewe. Huenda ni kifua kikuu (TB), huenda ni homa ya mapafu, lakini pia huenda ni saratani ya mapafu, ugonjwa ambao nafasi ya kupona huwa kubwa pale tu unapogundulika mapema.

Ikola ni kata iliyoko Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na kugawanywa kwa Mkoa wa Rukwa. Wakazi wake wengi huishi kwa uvuvi na kilimo. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko mjini Mpanda, na tiba ya saratani inapatikana mbali zaidi ya hapo. Kwa mgonjwa wa huko, safari ya matibabu ni ndefu, hivyo kuchelewa kuianza ni hatari maradufu.

Saratani ya mapafu ndiyo inayoua watu wengi zaidi kuliko saratani nyingine zote duniani. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), mwaka 2022 watu wapatao milioni 2.5 waligundulika kuwa na ugonjwa huo na wengine milioni 1.8 walipoteza maisha.

Chanzo chake

Sababu kuu ni uvutaji wa tumbaku, iwe sigara ya kiwandani, msokoto au kiko. Uhusiano huo ulithibitishwa na watafiti wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1950. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa uvutaji unachangia takriban asilimia 85 ya saratani zote za mapafu.

Hata hivyo, asiyevuta naye hayuko salama kabisa. Moshi wa sigara ya mwenzake ndani ya nyumba, vumbi la asibesto, moshi wa injini za dizeli na gesi ya radoni itokayo ardhini vimethibitishwa kusababisha saratani hiyo. Moshi wa kuni umewekwa na IARC katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani. Jambo hilo linawagusa akina mama wanaopika katika jiko lisilo na dirisha, wanaokausha samaki kwa moshi na wakulima wa tumbaku wanaokesha wakichochea moto kwenye mabani.

Aidha, watu waliowahi kuugua TB na wanaoishi na virusi vya Ukimwi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata saratani ya mapafu kuliko wengine.

Dalili za kuangalia

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa bahati mbaya, saratani ya mapafu inaweza kukua kwa muda mrefu bila kuonyesha wingu lolote, kwa kuwa ndani ya mapafu hakuna mishipa ya kuhisi maumivu. Dalili zinapojitokeza, zinazoonekana zaidi ni hizi:

- Kikohozi kipya kinachodumu zaidi ya wiki tatu, au kikohozi cha siku nyingi cha mvutaji kinachobadilika na kuwa kikali zaidi.
- Kukohoa damu, hata kama ni kidogo.
- Kubanwa pumzi kwa kazi ambayo zamani haikumchosha mtu, kama kupandisha ngazi au kuvuta nyavu.
- Maumivu ya kifua au bega yanayoongezeka anapokohoa au kuvuta pumzi ndefu.
- Sauti kukwaruza kwa wiki kadhaa bila mafua.
- Homa ya mapafu inayorudi mara kwa mara katika sehemu ileile.
- Kupungua uzito, kukosa hamu ya kula na uchovu usioelezeka.
- Ncha za vidole kunenepa na kucha kupinda, au uso na shingo kuvimba.

Maumivu ya mifupa, kuumwa kichwa kusikokwisha au kifafa kinachoanza ukubwani vinaweza kuashiria kwamba ugonjwa umekwisha kusambaa.

Inapofanana na TB

Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zilizoorodheshwa na WHO kuwa na mzigo mkubwa wa TB. Kwa hiyo, mtu anayekohoa na kukonda hudhaniwa kwanza kuwa na TB, na ni haki kumpima. Kipimo cha makohozi na dawa za TB hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na mwenye kikohozi cha wiki mbili anashauriwa kupimwa.

Tatizo hutokea pale makohozi yasipoonyesha vimelea, mgonjwa akaanzishiwa dawa kwa kuangalia dalili na picha ya kifua, kisha akamaliza miezi 2 au 3 bila nafuu. Wakati huo saratani huendelea kukua. Mgonjwa wa namna hiyo arudi kwa daktari na kuuliza waziwazi kama kuna ugonjwa mwingine unaopaswa kuchunguzwa. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, wala asihamie kwa mganga.

Njia ya kufuata

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mgonjwa aeleze kikohozi kilianza lini, kama ameona damu, amepungua uzito kiasi gani, amevuta sigara miaka mingapi na anafanya kazi gani. Kisha apewe rufaa kwenda kupigwa picha ya eksirei ya kifua. Eksirei isiyoonyesha kitu haimalizi suala iwapo dalili zinaendelea, kwani uvimbe mdogo unaweza kujificha nyuma ya moyo au mifupa.

Kwa wakazi wa Katavi, ngazi inayofuata baada ya Mpanda ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Uthibitisho hupatikana kwa picha ya CT na kwa kuchukua kinyama kutoka kwenye uvimbe, mara nyingi kwa mrija wenye kamera unaopitishwa kwenye njia ya hewa. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni miongoni mwa sehemu zinazotoa tiba ya mionzi na dawa za saratani. Uvimbe ambao haujasambaa unaweza kuondolewa kwa upasuaji.

Msomaji wa mjini naye ana nafasi yake. Mara nyingi ndiye anayepigiwa simu kuwa mzee kijijini anakohoa, na ndiye anayetuma nauli. Badala ya kutuma fedha za dawa ya kikohozi kwa mara ya tatu, aulize kama mzee amepigwa picha ya kifua na majibu yalisemaje.

Kuacha kunasaidia

Tanzania ilitunga Sheria ya Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003 na kuridhia Mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, lakini kinga iliyo imara zaidi ni uamuzi wa mvutaji mwenyewe. WHO inaeleza kuwa miaka 10 baada ya kuacha, hatari ya saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Hata aliyekwisha kugundulika kuwa na ugonjwa hunufaika akiacha, kwa kuwa tiba humfaa zaidi.