"Kamili" lina maana ngapi?

Shuleni, namba kamili ni ile isiyo na sehemu: 3, 0, -7. Chuoni mwanafunzi ataambiwa kwamba mfumo wa namba halisi ni mkamilifu, yaani mstari wake hauna pengo: hata kipeuo cha pili cha 2, kisichoandikika kama sehemu, kina mahali pake humo.

Katika mantiki neno hugeuka tena. Mwaka 1929 Kurt Gödel alithibitisha ukamilifu wa mantiki ya daraja la kwanza: kila kauli iliyo kweli kwa tafsiri zote ina uthibitisho. Mwaka 1931 akaonyesha kwamba mfumo wowote wa kanuni zinazoorodheshika, usiojipinga na unaotosheleza hesabu za kawaida, una kauli usizoweza kuzithibitisha wala kuzikanusha.

Kauli hizo tusizichanganye na semi zisizo na maana iliyowekwa. 6 ÷ 0 haina thamani, kwa kuwa hakuna namba ambayo ukiizidisha kwa 0 utapata 6. Kauli ya Gödel inaeleweka vizuri. Inakosa uthibitisho tu. Vitabu vyetu viseme wazi kila mara: kamili kwa maana ipi?