Wakipsigis wa Chebunyo

Chebunyo ni kata ya eneo bunge la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, kusini-magharibi mwa Kenya. Wakazi wake wengi ni Wakipsigis, kundi kubwa kuliko yote ya Wakalenjin. Sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa takriban milioni 1.9 nchini.

Lugha. Kikipsigis ni lugha ya Kiniloti cha Kusini, jamaa ya karibu ya Kinandi. Salamu ya kawaida ni *chamgei*. Kiswahili na Kiingereza hutumika shuleni na ofisini.

Jamii. Kila mtu huzaliwa katika ukoo (*oret*) wenye mnyama wake wa ishara. Wanaume hupangwa kwa marika yanayorudi kwa mzunguko, kama Maina, Chumo na Sawe.

Utamaduni. Dini ya asili humwabudu Asis, Mungu anayehusishwa na jua. Leo wengi ni Wakristo. Mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichopakwa masizi ya mkaa, hunywewa pamoja na ugali (*kimnyet*) na hutolewa kwa mgeni kama ishara ya heshima.

Historia. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamishia eneo la Gwassi watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Watu wa ukoo huo bado wanadai haki kwa dhuluma hiyo.