Hita haizalishi, hupasha

Kila Julai, baridi inapotanda Mutuini na Dagoretti nzima, mwenye Peugeot 504 ya zamani humwambia fundi, "Hita imekufa." Neno hilo ndilo tunalolitumia pia kwa chombo cha bafuni, ambacho hujitengenezea joto kwa umeme, na ndiyo maana mwenye gari hukimbilia fyuzi na nyaya. Hita ya gari hilo haizalishi chochote. Ni rejeta ndogo chini ya dashibodi, inayopitiwa na maji ya moto ya injini huku feni ikipuliza. "Kipasha joto", jina linalodharauliwa kuwa la kamusi tu, linasema kweli zaidi, kwa kuwa kupasha ni kumfanya mwingine apate.

Utaniambia gereji haina haja na kamusi. Sawa, hita ibaki. Kitenzi ndicho ninachokitetea. Ukiuliza hita inapata wapi joto la kupasha, mkono huenda wenyewe kwenye paipu zake mbili za maji. Zote zikiwa moto, tazama feni na vifuniko vya hewa. Moja moto, nyingine baridi: njia imeziba, au vali imefungwa. Zote zikiwa vuguvugu, huenda maji yamepungua, au thamostati iling'olewa zamani na fundi aliyeogopa injini kuchemka (dawa mbovu, ingawa imezoeleka). Lakini Volkswagen Beetle ya zamani haina maji. Joto lake hutoka kwenye ekzosi, na huko harufu ya moshi ndani ya gari ni hatari kuliko baridi yenyewe.