Waya wa Unguja na Bagamoyo

Ustadi wa kuunga mali ya mtu na mali ya mwenziwe, hata viwili hivyo vikatenda kazi kwa pamoja, una historia ndefu katika Mrima wetu kabla ya kompyuta kuzaliwa, na ushahidi wake ulio wazi ni ule waya uliozamishwa baharini mwaka 1890 kuziunga Bagamoyo na Dar es Salaam na Unguja.

Maiti ya mpelelezi Livingstone ilipofikishwa Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, Unguja kwenyewe hakukuwa na simu ya maandishi, na kila habari ilingoja meli ya kuifikisha Aden ndipo iingie wayani. Mwaka 1879 Eastern and South African Telegraph Company, kampuni ya Waingereza, ilitandaza waya wake kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea kusini hata Durban. Walakini Bagamoyo ilibaki ng'ambo ya mlango wa bahari, na mpelelezi Stanley alipotokea bara mwezi wa Desemba 1889 pamoja na Emin Pasha, habari zao hazikuwa na budi kupanda chombo kwanza.

Wadachi, yaani Wajerumani, ambao makao makuu ya utawala wao yalikuwa bado Bagamoyo, ikawalazimu kwa ule waya wa 1890 kuunga utawala wao na mali ya kampuni ya taifa jingine, na hilo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha habari hii, kwa kuwa hitilafu ikizuka kwenye maungio haijulikani mara moja ni ya nani. Karani akiita na asijibiwe, je, betri imekufa, au waya umekatika nchi kavu, au nanga ya jahazi imeuchana chini ya maji? Mafundi wa zama zile hawakukisia. Kila maili ya waya ina ukinzani wake unaojulikana. Basi fundi huutenga waya na mashine, akapima kutoka pwani hata pale umeme unapovujia majini, akapata masafa. Meli huenda hapo ikakokota kulabu, waya ukaopolewa, pabovu pakakatwa, shaba ikaungwa na shaba kwa lehemu na kuvishwa upya ngozi yake ya gutta-percha na nyuzi za chuma, kisha ukapimwa tena kabla ya kurudi majini.

Ada hiyo ya kutenga na kupima ndiyo ya waundaji wa vivinjari vya intaneti leo, ambao kazi yao hutufikia kwa nyaya za baharini kama SEACOM, uliofika Dar es Salaam mwaka 2009. Mmoja wao akitia katika kivinjari maktaba ya programu iliyoandikwa na wengine, kiunganishi, yaani programu inayoziunga sehemu hizo, hutafuta kila jina linaloitwa, na lisilopata wa kuitika hulitaja kisha kikakataa kuendelea. Aghalabu pande zote mbili ni nzima: maktaba imesahauliwa katika orodha, au imejengwa kwa mashine ya namna nyingine, au imetangulizwa mbele ya sehemu inayoihitaji, ilhali viunganishi vingine husoma orodha kwa kufuata zamu. Mjuzi haandiki upya kitu. Huifungua maktaba, akayatoa majina yaliyomo, akayalinganisha na lile linaloitwa, herufi kwa herufi.